Mpango binafsi wa pensheni: unafaa nani Nairobi, na ubakize kiasi gani cha leo

Mpango binafsi wa pensheni ni akaunti ya uzeeni ambayo mtu hujifungulia mwenyewe, bila kupitia mpango wa mwajiri. Kampuni za bima na za uwekezaji zenye ofisi Upper Hill, Westlands na katikati ya jiji huuza mipango hii, na ajenti wao hukufuata hadi kazini, kanisani au kwenye mkutano wa chama. Kivutio chao kikubwa ni kwamba utapunguziwa kodi, na ni kweli. Lakini kodi hiyo hupunguzwa kwa sababu pesa zako zinafungwa, na swali la kufaa au kutofaa kwa bidhaa hii limo ndani ya kufuli hilo.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa mtu ambaye sehemu ya mshahara wake hutozwa kodi ya asilimia 30, hii ni bidhaa nzuri kuliko nyingi zilizopo za kuwekea uzee, mradi aweke humo kiasi ambacho hatakikimbilia mwaka ujao. Kwa mwenye kipato cha kutozwa kodi kisichozidi 24,000 kwa mwezi, nafuu hiyo ya kodi haimpi hata shilingi moja. Kwa wote wawili, hapa si pa kuweka pesa za dharura, za karo wala za likizo.

Kodi inavyopungua

Mchango wako huondolewa kwenye mshahara kabla PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haijapigwa. Kiasi kinachoruhusiwa ni kile kidogo kabisa kati ya vitatu: ulichochanga kweli, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa pensheni, au shilingi 30,000 kwa mwezi. Kikomo hicho cha mwisho kilikuwa 20,000 kwa miaka mingi, kikapandishwa na sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, umo ndani ya hizo 30,000, si juu yake. Anayekatwa NSSF 4,320 amebakiwa na nafasi ya 25,680.

Tuchukue mshahara wa 100,000 kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF inachukua 4,320, bima ya afya ya SHA 2,750, na tozo la nyumba 1,500. Yote matatu huondolewa kabla ya kodi, kwa hivyo kinachotozwa ni 91,430. Elfu 24 za kwanza hutozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 59,097 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 22,212. Ukitoa nafuu ya kila mfanyakazi ya 2,400, kodi inakuwa 19,812, na mkononi zinafika takriban 71,618.

Mtu huyo akichanga 10,000 kwenye mpango binafsi, kodi yake inashuka kwa 3,000, na mshahara wa mkononi unapungua kwa 7,000. Kwa maneno mengine, shilingi 7,000 alizojinyima zimekuwa 10,000 siku hiyo hiyo, kabla ya riba yoyote. Hakuna SACCO wala hatifungani inayotoa hivyo siku ya kwanza. Tena, mapato ya uwekezaji ndani ya mpango uliosajiliwa hayakatwi kodi, ilhali riba ya mfuko wa soko la fedha, ule watu huuita MMF, hukatwa asilimia 15 kabla haijakufikia.

Sasa geuza hesabu kwa anayelipwa kidogo. Mwenye kipato cha kutozwa cha 24,000 anadaiwa asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu ya 2,400 inaifuta yote. Halipi PAYE. Mchango wake wa pensheni haupunguzi chochote kwa kuwa hakuna cha kupunguza, ila kufuli linabaki palepale. Ajenti anayemwonyesha mtu huyu jedwali la nafuu ya kodi anamwonyesha nguo isiyo ya kimo chake. Kwa wenye kipato kati ya 24,000 na 32,333, nafuu ni robo ya kila shilingi.

Nafuu hii hupotea kwa njia moja nyepesi sana: mtu analipa mwenyewe kwa M-Pesa kila mwezi na kuishia hapo. Mwajiri hana habari, PAYE inakatwa kama kawaida, na mwaka unaisha. Njia bora ni kuandikia idara ya mishahara barua yenye jina la mpango, namba yako ya uanachama, akaunti ya mpango na kiasi cha kukatwa, kisha kuthibitisha kwenye hati ya mshahara wa mwezi unaofuata kwamba kipato cha kutozwa kimeshuka. Kisiposhuka, mchango umekatwa baada ya kodi na karani anapaswa kurekebisha. Kama huna budi kulipa mwenyewe, omba cheti cha michango cha mwaka kutoka kwa mpango, ujaze michango hiyo kwenye ritani ya mamlaka ya mapato, KRA, kabla ya tarehe 30 Juni, uombe kurudishiwa. Marejesho ya namna hiyo huchukua muda na hudai ufuatiliaji. Makato ya kazini yana raha yake kwa sababu nafuu huiona mwezi uleule.

Mlango wa kutokea

Sheria ileile ya Desemba 2024 ilibadilisha jambo kubwa zaidi ya kikomo. Malipo kutoka kwa mpango uliosajiliwa sasa hayatozwi kodi ukifikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mpango, ukitoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au ukitoa baada ya miaka 20 tangu ulipoandikishwa uanachama. Zamani nafuu ya mlangoni ilidaiwa sehemu yake ulipotoka. Sasa anayesubiri haguswi anapoingia, akiwa ndani, wala anapotoka.

Kipengele cha miaka 20 kinastahili kuzingatiwa na vijana. Saa hiyo huanza siku ya kuandikishwa, hata kama mchango wa kwanza ni 1,000. Aliye na miaka 27 leo na hali ngumu anaweza kujiandikisha kwa kiasi kidogo kabisa kinachokubaliwa, aache saa itembee, aongeze mchango mshahara ukipanda. Ila afahamu kwamba kusamehewa kodi na kuruhusiwa kutoa ni mambo mawili. Kanuni za mpango ndizo husema unaweza kutoa lini, na kustaafu mapema huanza miaka 50.

Anayetoka kabla ya hapo hukutana na vizuizi viwili kwa pamoja. Huenda asipate zote, kwa maana sehemu inaweza kufungwa hadi umri wa kustaafu, na kile anachopewa hutozwa kodi baada ya sehemu fulani iliyosamehewa. Fomu za kutoa nazo zina safari yake: ombi, nakala ya kitambulisho na PIN, ukaguzi wa msimamizi, hesabu ya kodi, kisha benki. Mgonjwa aliyelazwa leo hasubiri hayo. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba pesa za dharura zikae kwingine.

Kuna njia mbili halali za kuufurahia mpango kabla ya uzee, na zote zinahusu nyumba. Unaweza kutumia hadi asilimia 60 ya akiba yako kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Au, tangu mwaka 2020, unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Kwa anayepanga Ruaka au Kitengela miaka kumi sasa, hilo si jambo dogo, kwani kuingia uzeeni bila kodi ya nyumba ni sawa na pensheni nyingine. Lakini asilimia 40 ikitoka mtu akiwa na miaka 40, anayo miaka 20 tu ya kuijaza, na ni wachache wanaoongeza mchango baada ya kuhamia nyumba mpya yenye mahitaji mapya. Ukiitumia njia hii, pandisha mchango mwezi uleule.

Ukifika mwisho, aina ya mpango huamua unavyolipwa. Mpango wa pensheni hukupa hadi theluthi moja kwa mkupuo, na iliyobaki hununua malipo ya kila mwezi ya maisha kutoka kampuni ya bima, au huingia kwenye mfuko wa kuchota taratibu, usiozidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka na kwa muda usiopungua miaka 10. Mfuko wa akiba ya uzeeni hutoa zote mara moja. Watu hupenda huu wa pili kwa sababu ya ukubwa wa hundi. Sisi tungeuogopa kidogo: hundi kubwa hufika wakati uleule ndugu wote wamepata habari.

Ada

Hapa ndipo mipango inayofanana kwenye brosha hutofautiana. Nyuma ya kila mpango kuna wadhamini, msimamizi wa hesabu za wanachama, msimamizi wa uwekezaji na benki inayotunza mali. Kila mmoja hulipwa, na malipo hutoka kwenye mfuko wako kabla faida haijatangazwa. Hutaona makato kwenye M-Pesa. Utaona tu kwamba faida ni ndogo.

Weka 10,000 kila mwezi kwa miaka 25. Mfuko ukizalisha asilimia 10 kwa mwaka, unapata takriban milioni 13.3. Ada za asilimia 1 zikipunguza faida hadi 9, unapata milioni 11.2. Za asilimia 2 zikikuachia 8, milioni 9.5. Pointi mbili zinazoonekana ndogo kwenye karatasi zimekula zaidi ya milioni 3.7. Kwa hivyo usiulize tu "mlitoa asilimia ngapi mwaka jana?" Omba faida iliyowekwa kwenye akaunti za wanachama, baada ya ada zote, kwa miaka mitano mfululizo, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa karibuni. Mwaka mmoja mzuri hausemi kitu, maana mfuko wowote wenye hisa hupanda na kushuka.

Uliza pia kama ni mfuko wenye dhamana au usio na dhamana. Wenye dhamana hukuahidi kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye mkataba, na kampuni hubakiza sehemu ya miaka mizuri ili kufidia mibaya. Usio na dhamana hukupa kile soko lilichotoa, kizuri au kibaya. Aliye na miaka 30 mbele yake anaweza kustahimili mawimbi ya soko la hisa. Aliyebakiza miaka mitano hana nafasi ya kusubiri lirudi juu.

Halafu tazama zile milioni 11.2 kwa jicho la bei. Shabaha ya Benki Kuu ni mfumuko wa bei wa asilimia 5, ukipanda au kushuka kwa 2.5. Kwa asilimia 5, pesa hizo baada ya miaka 25 zina nguvu ya karibu milioni 3.3 za leo. Ukizigawa kwa miezi 240 ya uzee ni kama 13,800 kwa mwezi kwa bei za leo, bila kuhesabu faida itakayoendelea kuingia. Hii si sababu ya kukata tamaa. Ni sababu ya kutoacha mchango ukae 10,000 ileile kwa robo karne huku unga, nauli na mshahara vikipanda.

Kinachofanana nao lakini sio

Kosa la gharama kubwa ni kununua bima ya maisha yenye akiba ukidhani umenunua pensheni. Ajenti anaweza kuwa yuleyule, kampuni ileile, na neno "akiba" liko kwenye karatasi zote mbili. Tofauti zake ni hizi. Bima hukupa nafuu ya asilimia 15 ya malipo yako, isiyozidi 5,000 kwa mwezi, na muda wake uwe angalau miaka 10; kwa malipo ya 10,000 hiyo ni 1,500, si zile 3,000 za pensheni. Pili, ukishindwa kulipa bima katika miaka ya mwanzo unaweza kurudishiwa kidogo sana au kukosa kabisa, kwa sababu kamisheni na gharama zimelipwa kutoka kwenye malipo yako ya kwanza. Kwenye pensheni, ukisimamisha mchango kilichomo hubaki chako na huendelea kuzalisha. Kabla ya kutia sahihi, tafuta kwenye fomu jina la mpango uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya uzeeni. Ukiona "namba ya mkataba wa bima" (policy number) na "kiasi kilichokatiwa bima", hiyo ni bima.

Raha nayo iwekewe mfuko

Kiswahili kina misemo miwili inayovutana: akiba haiozi, na ponda mali kufa kwaja. Wauzaji wa pensheni hutumia wa kwanza peke yake, na matokeo yake ni watu wanaoanza kwa mchango mkubwa mwezi wa Januari, wanabanwa, wanausimamisha Juni, na hawarudi. Mchango unaovumilika kwa miaka 25 hushinda mchango wa kishujaa wa miezi sita. Kwa hivyo pesa za kuishi leo ni sehemu ya mpango wa uzeeni, wala si adui yake.

Turudi kwa mwenye 100,000. Kwa viwango vilevile vya 2025, NSSF yake na ya mwajiri tayari ni 8,640 kwa mwezi, na ratiba ya sheria imekuwa ikipandisha kikomo cha mchango huo kila Februari tangu 2023. Akiongeza 8,000 kwenye mpango binafsi, mkononi hupungua 5,600 tu, anabaki na takriban 66,000, na akiba yake yote ya uzeeni inakuwa 16,640, zaidi kidogo ya asilimia 16 ya mshahara. Kati ya hizo 66,000, atenge 6,000 za dharura na 5,000 za raha, zote kwenye MMF lakini akaunti mbili tofauti. Matumizi yake ya lazima yakiwa 50,000, dharura ya miezi mitatu ni 150,000. Ataifikisha kwa miezi 25, na baada ya hapo zile 6,000 azigawe upya.

Mfuko wa raha wa 5,000 unafika 60,000 kwa mwaka, bila riba. Treni ya SGR kwenda Mombasa daraja la kawaida ni 1,500 mtu mzima tangu Januari 2024, na mtoto wa kati ya miaka 3 na 11 nusu yake. Wazazi wawili na watoto wawili, kwenda na kurudi, ni 9,000. Zinabaki 51,000 za malazi, chakula na matembezi, na hakuna mkopo wa simu wa kulipwa Januari pamoja na karo. Asiyependa safari ana nyama choma ya Kenyatta Market kila mwisho wa mwezi. Muhimu ni kwamba pesa hizi zitumike. Mfuko wa raha unaolimbikizwa miaka mitatu bila kuguswa hugeuka kishawishi cha kununua kiwanja kisichokaguliwa.

MMF inafaa kwa kazi hii kwa kuwa riba huhesabiwa kila siku na pesa hutoka kwa siku chache za kazi. SACCO haifai. Akiba ya SACCO ni nzuri kwa mkopo, kwa kawaida hadi mara tatu ya ulichoweka, lakini hurudishiwi mpaka ujiondoe uanachama, kwa notisi ya siku 60 mara nyingi, na ukiwa umewadhamini wenzako akiba hiyo imefungwa hadi walipe au wapate mdhamini mwingine. Wengi hugundua hili siku wanayoihitaji. Kwa mkopo wa ada ya chuo au wa kujenga ushago, SACCO haina mpinzani. Kwa Desemba, hapana.

Nyongeza ya mshahara ndiyo nafasi safi ya kupandisha pande zote mbili bila maumivu. Kwa huyu wa 100,000, nyongeza ya 10,000 kwa viwango vya 2025 huacha karibu 6,700 mkononi. Nusu yake, 3,350, ikielekezwa kwenye mpango kwa makato ya kazini hununua mchango wa karibu 4,800, na nusu nyingine huenda kwenye maisha. Barua ya kubadilisha makato iandikwe wiki ileile ya barua ya nyongeza, kabla matumizi hayajaizoea.

Kwa asiye na hati ya mshahara

Mama mboga anayenunua Marikiti alfajiri, kinyozi na mwendesha boda hawana PAYE ya kupunguza. Kwao tungetazama kwanza Haba Haba ya NSSF, iliyoanzishwa mwaka 2019 na kupewa jina la methali ya kujaza kibaba. Kujiunga ni kwa *303#, na unaanzia shilingi 25 kwa siku. Kipengele chake bora ni hiki: baada ya miaka mitano ya kuweka bila kuacha, unaweza kuchukua nusu ya akiba, nusu nyingine ibaki ya uzee. Ni mpango uliokubali tangu mwanzo kwamba mtu ana maisha kabla ya 60.

Kwa shilingi 25 kila siku, miaka mitano ni 45,625 kabla ya faida, nusu yake 22,800. Inatosha friji ndogo ya kibanda, haitoshi pikipiki. Kwa 100 kila siku ni 182,500, na nusu ni 91,250. Hapo sasa kuna kitu. Udhaifu wake uko kwenye neno "bila kuacha". Biashara ya mtaani ina miezi mikavu, kwa hivyo panga kiwango unachokiweza mwezi mbaya, sio mwezi wa Desemba, na uongeze ziada siku za neema. Hifadhi ujumbe wa kila malipo, na angalau mara mbili kwa mwaka linganisha na taarifa yako, kwenye simu au kwenye dawati la NSSF la Huduma Centre.

Walimu na watumishi wengine wa serikali kuu walioingia kwenye mpango wa kuchangia ulioanza Januari 2021 wako upande mwingine kabisa: wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15. Hao tungewaambia waangalie dharura na raha kwanza, na mpango binafsi baadaye.

Unapobadilisha kazi

Hapa ndipo pensheni nyingi za Nairobi huvuja. Mtu anaacha kazi akiwa na 300,000 kwenye mpango wa mwajiri, anajaza fomu ya kutoa, anakatwa kodi, na zinaishia kwenye sofa na deni la hapa na pale. Zikiachwa kwa miaka 25 kwa asilimia 9, ni kama milioni 2.6. Mpango binafsi ni chombo kizuri sana cha kupokea pesa hizo: uhamisho kutoka mpango hadi mpango hautozwi kodi, na kila kazi mpya huongeza kwenye sanduku lilelile. Jaza fomu ya kuhamisha, si ya kutoa; zote mbili huletwa pamoja na mstari wa kuchagua ni mdogo. Kisha dai barua ya uthibitisho kutoka kwa mpango unaopokea, yenye kiasi kilichofika, na ukilinganishe na taarifa ya mwisho ya mpango wa zamani.

Siku ya kujiandikisha, beba nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN na picha. Thibitisha jina la mpango, sio la kampuni tu, kwenye orodha ya RBA. Usimpe ajenti pesa taslimu wala kumtumia kwa namba yake ya simu. Mchango huenda kwenye namba ya malipo au akaunti ya mpango, na ujumbe wa kuupokea unapaswa kukufikia kutoka kwa mpango wenyewe. Omba nakala ya kanuni, usome kurasa mbili: ya kutoa mapema na ya ada.

Fomu ya mwisho, ile ya warithi, ndiyo hujazwa kwa haraka zaidi, mara nyingi kwa jina la mama na asilimia 100, kisha mtu anaoa au kuolewa, anapata watoto, na fomu inabaki vile vile. Mafao ya kifo ya pensheni hayaingii kwenye mirathi ya kawaida. Wadhamini ndio huyagawa wakiongozwa na fomu hiyo. Andika majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, tarehe za kuzaliwa, uhusiano, na asilimia zinazojumlisha 100. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, taja mlezi. Weka nakala yenye mhuri wa kupokewa nyumbani, na uibadilishe kila kunapotokea ndoa, talaka, uzazi au msiba.